Kizibo cha Sifuri

Kazi ya kuchomoa kizibo haikuombwa na Dafrosa. Ilimfuata nyumbani kwake Kakese asubuhi moja akichambua maharage, imeletwa na mzee Bartolomeo, mwenyekiti wa wakulima wa bondeni, ambaye alivuta kigoda, akakataa chai, akaikubali, na hakuinuka mpaka amekubaliwa alichokifuata. Alisema wanamtaka yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza, hana jaruba la mpunga hata moja kule bondeni. Ya pili, watu wanamwamini. Ya kwanza ilikuwa kweli nusu, kwa maana jaruba la marehemu mumewe lilikuwa linalimwa na binti yake, Aneth. Ya pili ilikuwa kweli yote, wakati ule.

Dafrosa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mfupi, mwenye sauti ya kwaya na mdomo usiopenda kukaa kimya. Ujana wake aliumalizia stesheni ya Mpanda akiuza chai na vitumbua, enzi ambazo treni ya Tabora ikichelewa, abiria walitandika mikeka na kulala hapo hapo. Wauzaji wengine siku hizo walipandisha bei. Yeye hakupandisha, na walipomcheka alijibu kwamba njaa ya mtu aliyekwama siyo mtaji. Akaolewa Kakese, akazaa mtoto mmoja tu, akafiwa na mume. Watu walimwona ni mwanamke mnyoofu, na yeye mwenyewe alijiona hivyo, pengine kupita kiasi.

Kule bondeni mpunga unalimwa kwa mvua, na mvua ikiwa na adabu hakuna anayemkumbuka mwenzake. Shida huja mvua inapokata katikati ya msimu, miche ikiwa imeshapandikizwa. Hapo hubaki mto peke yake, nao hupungua mpaka unakuwa wa kuruka. Maji yanayoingia banioni, pale mto unapochepushwa kuingia mferejini, hayagawiki: ukiyapeleka pande mbili, yote yanafia mchangani kabla ya kufika kwa mtu. Kwa hiyo maji yote hupewa kundi moja kwa siku nzima, hadi kesho yake asubuhi, na makundi yako kumi. Nani apate leo? Miaka ya nyuma swali hilo lilijibiwa kwa mapanga, na yuko mtu Kakese anayetembea na mkono mmoja mpaka sasa. Ndipo Bartolomeo akaleta chungu.

Ndani ya chungu mlikuwa na vizibo kumi vya soda. Mwaka wa kwanza viliandikwa kwa rangi, rangi ikabanduka, mzee akavigonga kwa msumari, kila kizibo tarakimu yake. Kumi haikuenea kwenye kizibo, kwa hiyo kundi la kumi, lile la mwisho kabisa wa mfereji, likapewa sifuri. Watu wake walitaniwa mpaka wakazoea. Ukimuuliza mmoja wao analima wapi, alikujibu bila haya kwamba analima Sifuri. Jaruba la Aneth lilikuwa huko.

Halafu kulikuwa na sharti, na hilo ndilo lilibeba jambo zima: kizibo kikishachomolewa na kuonyeshwa, kinarudishwa chunguni. Aliyepata jana anaweza kupata tena leo, na aliyekosa jana anaweza kukosa tena. Wengi waliona ni ujinga. Bartolomeo aliwaeleza kwamba mfereji ule unajaa mchanga kila siku na hauzibuliwi na malaika. Kila asubuhi kabla ya kura, watu wa makundi yote hushika majembe na kuuzibua, kuanzia banioni hadi Sifuri, na kundi lisiloleta watu kizibo chake hutolewa siku hiyo. Sasa kama aliyekwisha kupata hana tena nafasi ya kupata, atakuja kuzoa mchanga wa nani? Tumaini ndilo lililokuwa linawaleta na majembe yao.

Misimu mitatu Dafrosa alichomoa vizibo, na akajifunza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: tarakimu hazijui kupanga foleni. Mwisho wa msimu mrefu ukizihesabu utakuta zinakaribiana, hakuna iliyopendelewa sana wala iliyoonewa sana. Lakini ukizitazama kwa siku chache tu, zinasukumana kama mbuzi mlangoni mwa zizi. Moja inatoka leo na kesho. Nyingine inajificha wiki mbili, watu wake wanakonda, kisha inatoka mara tatu kwa juma moja. Kwamba siku kumi zipite na kila kundi lipate mara moja moja, hilo hakuwahi kuliona.

Alijua na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Alama za msumari zilikuwa na kina, na kidole kikitulia juu yake kinasoma. Aligundua bila kutaka, msimu wa pili, siku mkono wake ulipokaa chunguni akimsubiri Bartolomeo amalize hotuba. Alishtuka kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake. Tangu hapo akawa anaingiza mkono, anakoroga, anakamata cha kwanza kinachogusa kiganja na kukitoa haraka, kidole kisipate muda wa kujua. Aliona hiyo ndiyo heshima ya kazi yake, na alikuwa sahihi.

Mwaka huu mvua ilikata mwanzoni mwa Februari. Aneth alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupandikiza, mgongo bado unamuuma, na mumewe yuko machimboni ambako simu yake haipatikani. Kila mtu bondeni aliliogopa jua lile, ila Aneth aliliogopa zaidi, kwa sababu jaruba lake lilikuwa la ukoo. Baba yake alipozikwa, mdogo wake marehemu aitwaye Amosi alisema mtoto wa kike alime kama anaweza. Mafuriko ya mwishoni mwa msimu uliopita yalimharibia. Mwaka huu Amosi alitamka mbele ya ndugu wote kwamba Aneth asipovuna tena, jaruba linahamia kwa mwanawe wa kiume. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetangaza siku ya mnada, na ndugu wakaitikia kwa vichwa. Aneth hakuwa na shamba jingine popote, na watoto wawili walikuwa wanamtazama yeye.

Kura zikaanza. Ya kwanza ikatoa Tano. Ya pili Saba. Ya tatu Saba tena, na watu wa kundi hilo wakapiga vigelegele, wakiongozwa na Gideon, mwendesha bodaboda mwenye majaruba mawili na vicheko vya watu kumi, ambaye alicheza juu ya tuta la mfereji hadi kandambili ikamvuka mguuni. Wengine walicheka naye. Ya nne ikatoa Moja, ya tano ikawa Tano mara ya pili, ya sita Nane. Ya saba, Dafrosa alipogeuza kizibo na kukiinua juu kama kawaida, alikuwa ameinua Saba kwa mara ya tatu. Safari hii Gideon hakucheza, na hakuna aliyecheka.

Amosi alilima kundi la Mbili, na Mbili haikuwa imetoka hata mara moja. Alisogea hadi karibu na chungu, akautazama mkono wa Dafrosa badala ya uso wake.

"Shemeji," akasema taratibu, "mkono huo si bure."

Neno hilo likipita Dar linaweza kuwa utani. Kakese lina njia mbili tu: ama umehongwa, ama una mambo yako. Dafrosa alizijua zote mbili. Alipokuwa msichana, kijijini kwa mama yake palikuwa na mwanamke mfinyanzi ambaye alisemwa hivyo hivyo, mwanzo kwa kicheko, halafu kwa kunong'ona, na mwisho nyumba yake ikabaki majivu na yeye hakuonekana tena. Dafrosa alikuwa amepita kwenye majivu yale akienda kuteka maji. Sasa macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na alijua watu wanavyoyasoma macho ya namna hiyo.

Ukaitishwa mkutano hapo hapo banioni. Dafrosa aliomba kusema, akasema kwa sauti yake yote kwamba ndivyo chungu kilivyo, kwamba misimu yote mitatu kimekuwa kikirudia na kuruka, wakumbuke Nne ya mwaka juzi. Alidhani anajitetea. Mwanamke mmoja wa Mbili akauliza kwa upole kabisa kama basi ndiyo kusema mchezo huu una misimu mitatu.

Bartolomeo akajaribu kuokoa. Alisema simu yake ina kitu kinachochagua namba chenyewe, hakina shemeji wala jirani, basi ijaribiwe mara tano watu waone. Akabonyeza. Ikatoa nne. Akabonyeza, ikatoa nne. Ikatoa tisa, ikatoa moja, halafu ikatoa nne. Amosi akauliza mwenyekiti analima kundi gani. Lilikuwa Nne. Mzee akairudisha simu mfukoni polepole, na mjadala wa simu ukaishia hapo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na inakasirisha hata kuisimulia. Walikuwa na chungu cha haki na mashine ya haki, vyote viwili vikasema jambo moja, nao wakavikataa vyote viwili kwa sababu haki haikuwa na sura waliyoizoea. Walitaka bahati inayokwenda kwa zamu. Waliamua chungu kiendelee, kizibo kirudishwe kama sheria inavyosema, ila "tuanze upya", na wakamtazama Dafrosa namna ambayo haikuhitaji maelezo.

Siku chache zilizofuata kura zilirudia zile zile zilizokwisha kutoka, naye akaonja maana yake. Jirani aliyekuwa akimwazima chumvi aliirudisha ikiwa haijaguswa. Jumapili, benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Asubuhi moja akakuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kitasa cha mlango wake, kimekazwa kwa fundo zuri, bila haraka. Dafrosa aliogopa. Hakuogopa kama watu wa hadithini wanaotetemeka midomo. Alihamisha kitanda mbali na dirisha.

Jioni ile Aneth alimletea mchicha. Walikaa jikoni, wakaongea habari za watoto na bei ya mbolea, na habari ya chungu hakuna aliyeigusa. Aneth alipoinuka kuondoka alisimama mlangoni.

"Mama, sikuombi kitu," alisema. "Ujue tu nyufa za jarubani kwangu sasa zinameza mkono mpaka hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono.

Dafrosa alimwambia asijali, Mungu yupo. Aneth akasema ndiyo, yupo, akaenda zake. Mama mtu alibaki anautazama mlango, na jiko likazima hakuona.

Kesho yake asubuhi aliingiza mkono chunguni, akakoroga, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaacha kidole kitulie. Kilipita juu ya Saba, kikaikimbia. Kikapita juu ya Tano. Kikaipata Mbili, akaitoa. Amosi alishusha pumzi hadi mabega yakalegea, akasema Mungu mkubwa, akakimbilia mlango wa mfereji wake na jembe begani.

Alijiambia si wizi. Wizi ni kuchukua, na yeye hakuwa amechukua kitu. Atawapa wale waliokosa, kila mmoja siku yake: Mbili, halafu Sita, Tatu, Nne, Tisa, kisha Sifuri. Sifuri ya sita, si ya kwanza, ili mtu asiseme ameanza na mwanawe. Miche itavumilia siku hizo. Akishamaliza ataacha kusoma na kurudia kazi yake ya zamani.

Na kijiji kikatulia, na hilo ndilo lililotia uchungu. Sita ilipotoka, watu waliguna kwa kuridhika. Tatu ilipotoka, jirani aliomba tena chumvi. Siku ya Nne, mwanamke yule wa Mbili alimletea Dafrosa karanga mbichi kwenye kikapu na kumwambia kwamba sasa chungu kimekaa sawa, kumbe kilihitaji kuambiwa tu. Kitambaa chekundu hakikufungwa tena. Gideon peke yake alisusa. Alisema watu wa Saba wametukanwa vya kutosha, na kundi lake likaacha kuja.

Ila Bartolomeo alikuwa na jambo linalomkera, na hakulielewa. Watu wa Mbili walikuja siku moja baada ya kupata maji, halafu hawakuja tena. Watu wa Sita nao hivyo hivyo. Walikuwa wameuona utaratibu mpya na wameuelewa haraka kuliko mwenyekiti: kizibo kilichokwisha kutoka, hakitoki tena. Mzee alitoa vizibo vyao kama adhabu, na adhabu haikumwuma mtu, maana nani anajali kutolewa kwenye kura asiyoweza kushinda? Mfereji uliokuwa unazibuliwa na watu zaidi ya mia sasa ulikuwa unazibuliwa na nusu yao, halafu chini ya nusu. Mchanga hauna mkutano wala kinyongo, unajaa tu. Na ulijaa zaidi kule chini, karibu na Sifuri.

Dafrosa aliliona hilo kabla ya wengine. Aliona, akahesabu siku zilizobaki, akajiambia kesho.

Tisa ikatoka. Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya sita, ile aliyoipanga. Aneth alikuwa amesimama mbele kabisa, suruali ya mumewe imekunjwa magotini, jembe mkononi, midomo imekauka. Dafrosa aliingiza mkono na hakuhitaji kutafuta. Sifuri ilikuwa juu, duara zima la matobo ya msumari, kidole chake kikaizunguka. Akaibana. Akaanza kuivuta.

Hapo sauti moja nyuma, sauti ya mzaha isiyo na ubaya wowote, ikasema leo ni Sifuri, mama anampa mwanawe. Watu wakacheka kidogo. Amosi alikuwepo asubuhi hiyo. Hakuja kuzoa mchanga, alikuja tu, mikono mitupu, na hakucheka. Alikuwa anautazama mkono.

Majivu ya nyumba ile yalimjia Dafrosa usoni wazi wazi, na harufu yake. Vidole vikaachia. Vikakamata kingine, chochote, na alipokiinua juu kilikuwa Moja.

Aneth aliweka jembe begani akarudi njia aliyojia.

Baada ya siku hiyo ikawa ngumu zaidi, si rahisi. Kila asubuhi Dafrosa aliamka ameamua, na kila asubuhi palikuwa na jicho la mtu. Mara Amosi, mara mwanawe Amosi, kijana mkubwa aliyeanza kupita kwenye tuta la Sifuri bila shughuli ya kueleweka. Kidole kiliigusa Sifuri, kikaiacha, kikachukua Nane. Kesho yake kikaigusa, kikaiacha, kikachukua Tano. Alikuwa ameshavuka hofu ya kuitwa mchawi, na sasa aliogopa kitu kidogo na cha aibu zaidi: aliogopa watu wasije wakasema yeye siye tena yule mnyoofu. Aneth alikuja siku zote hizo. Alizoa mchanga na watu wa Sifuri, akasimama, akasikiliza tarakimu ya mtu mwingine, akaondoka.

Siku ya tisa ya utaratibu ule, banioni hapakuwa tena na umati wala jicho la kuogopa. Walikuwepo watu wa Sifuri, wachache wa Tano waliokuja kufunga mlango wao, na Bartolomeo. Mzee alitoa chunguni vizibo vya makundi yasiyokuja, akatoa, akatoa, hadi akabaki anatazama viwili vilivyosalia, Tano na Sifuri, kiganjani kwake. Akavirudisha ndani, akamsogezea Dafrosa chungu. Dafrosa akachomoa Sifuri. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Walifungua maji. Yalishuka vizuri mpaka pale mfereji unapopinda, halafu yakakutana na mchanga wa siku nyingi na kuanza kutawanyika. Watu wa Sifuri wakashika majembe, Dafrosa naye akavua kandambili akaingia, na Bartolomeo na uzee wake akaingia. Walichimba jua likapanda, likasimama utosini, likaanza kushuka. Walikuwa kumi na kidogo kwenye kazi ya watu mia. Mchanga walioutoa uliporomoka tena nyuma yao. Mchana ukiwa umechakaa, ulimi wa maji mwembamba, wa rangi ya chai, ulifika tuta la Aneth, ukaingia kwenye ufa wa kwanza, ukapotea humo. Ukafuata mwingine, ukapotea vile vile.

Aneth aliinama akashika mche mmoja. Haukung'oka. Ulikatika mkononi, mkavu, kama ujiti wa kuwashia moto. Akashika wa pili na wa tatu, akaacha. Alikaa kwenye tuta, miguu jarubani, na mama yake akaja akakaa kando yake. Wengine walikuwa wamebaki juu na majembe yao. Mbele yao maji yaliendelea kunywewa na ardhi.

"Nilikuwa nafikiri mwaka huu chungu kina nini," Aneth alisema hatimaye, bila kugeuka. "Tangu nimeanza kulima hapa sijawahi kukiona na adabu namna hii. Tangu ule mkutano wa kuanza upya, kila siku mtu mpya, hakuna aliyerudia. Mpaka watu wakawa wanajua nani kabaki."

Dafrosa alikwangua tuta kwa kisigino.

"Ulikuwa unavisoma, mama."

"Ndiyo."

"Na changu?"

Angeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwa chunguni zaidi ya mkono wake. "Nilikishika siku ile ya sita," alisema. "Nikakiachia. Walikuwa wananiangalia." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameanza kusema kweli na kweli ikawa haina breki, akaongeza: "Na siku zilizofuata. Kila siku nilikigusa."

Aneth alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Ningekosa kwa bahati yangu mbaya, ningekubali," alisema. "Ningemwachia baba mdogo jaruba, nikalia, nikalala. Watu wangapi wamekosa? Lakini kukoseshwa na mkono wa mama yangu, hiyo niilalie vipi? Niambie wewe."

Dafrosa alinyoosha mkono amshike bega, akauona ulivyo na matope, akaurudisha.

Kule juu, kwenye tuta la mfereji, Amosi alikuwa anakuja na mwanawe. Kijana alitangulia. Aliingia jarubani upande wa pili, akapita katikati ya miche mikavu, akafika kwenye kona na kusimama hapo, akimtazama baba yake amwonyeshe mpaka. Amosi alimwonyesha kwa mkono. Kisha akawageukia wale wawili, na kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu zake, na kwa sababu alimaanisha kila neno, akavua kofia.

"Shemeji, pole na kazi," alisema. "Mwanzo tulikusema vibaya. Tusameheane. Safari hii umetenda haki, kila mtu ameona."

Aneth aligeuka, akamtazama mama yake, akangoja.

Dafrosa akajibu kwamba ameshapoa.